Anwani ya Kuazima

Kila posta nchini Kenya ina nambari yake ya tarakimu tano, na ya Khwisero ni 50135. Hiyo tano ya mwanzo ndiyo ya Magharibi: Kakamega ni 50100, Butere 50101, Mumias 50102. Lakini mtu wa Kisa, huku Khwisero, akishuka mpaka Yala, sokoni kwa jirani, anakuta nambari inaanza na nne, 40610. Wawili hao huuziana kuku na ndizi. Kwa Posta wao ni watu wa mikoa miwili.

Nambari hizo zote huishia kwenye kaunta. Hatukuzoea kumwona tarishi akipita nyumba kwa nyumba. Barua hulala sandukuni hadi mwenyewe aifuate, na sanduku lenyewe hulipiwa kila mwaka. Ndiyo maana wengi wetu tulikulia kwenye boksi ya shule au ya kanisa. Barua ya baba aliyekuwa kazini Nairobi au Mombasa ilifika kwa mwalimu mkuu, jina likasomwa paredi, mtoto akaibeba katikati ya daftari hadi nyumbani. Na karo ililipwa kwa hawala ya posta, mama akiwa na kitambulisho chake kwenye foleni.

Huduma hii ya posta ina umri mkubwa kuliko taifa lenyewe. Kampuni ya Imperial British East Africa ilitoa stempu zake mwaka 1890. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na stempu moja ikabeba majina matatu. Baada ya mkataba wa 1967 ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, shirika lake la posta na simu likawekewa makao makuu Kampala. Jumuiya ikavunjika 1977, nasi tukaunda shirika letu, KPTC.

Sasa njoo mwaka 1999, maana hapo ndipo penye kesi. KPTC iligawanywa mafungu matatu. Telkom ikachukua simu, tume ya mawasiliano ikachukua usimamizi, Shirika la Posta likaachiwa barua. Simu ndiyo iliyokuwa ng'ombe wa maziwa, ikizilisha posta ndogo za mashambani ambazo stempu pekee hazingeweza kuzitunza. Tulimtoa ng'ombe zizini, kisha tukaanza kuulizana mbona ndama amekonda. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na hawala nayo ikaenda zake.

Husemwa kwamba simu ya mkononi ndiyo iliyoimaliza posta. Mimi sikubali yote. Kuku hapiti kwenye simu, wala cheti cha kuzaliwa, wala gunia la mahindi. Nenda ofisi yoyote ya basi, au steji ya matatu, uone parseli zilivyorundikana, kila moja imeandikwa jina na nambari ya simu kwa kalamu nene. Asubuhi inatoka Nairobi, jioni iko Khwisero. Kazi ya posta ipo tele. Anayeifanya ni makanga! Ila makanga huenda kwenye abiria. Hakuna sheria inayomlazimu kufika kwa bibi anayeishi mbali na lami, na cheti kikipotea njiani, utamdai nani?

Posta ilijaribu. Mwaka 2016 ilileta mPost, nambari yako ya simu ikawa anwani, na barua ikifika unapata ujumbe. Wazo zuri, lakini bado linakurudisha kwenye kaunta ileile, na kwa mtu wa kijijini nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi thamani ya barua.

Lakini kaunta ya karibu ipo: kila soko la Kisa lina duka la M-Pesa. Mwenye duka anaaminiwa na pesa za kijiji kizima, bahasha itamshinda? Shirika la Posta limpe mkataba, mfuko wenye kufuli na kamisheni kwa kila barua na parseli, nayo matatu ilipwe kuuleta mfuko. Jengo jipya halihitajiki, wala mwajiriwa mpya. Wakianza hata na soko moja, mimi nitajiandikisha siku ya kwanza, maana mpaka leo, kwenye kila fomu, naandika boksi ya shule niliyosoma, na mwalimu mkuu wa sasa hanijui hata kwa sura.