Michezo ya Nyumbani na Ujenzi wa Msamiati wa Kiingereza kwa Watoto Wadogo katika Familia Zinazozungumza Kiswahili

Katika shule za msingi za umma nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza husomwa kama somo mojawapo, lakini mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote, kuanzia hisabati hadi jiografia, yakifundishwa kwa Kiingereza. Mpito huo ni mgumu, na wazazi walioupitia wenyewe hutafuta namna ya kuwaandaa watoto wao mapema: wenye uwezo huwapeleka katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, na wengine huamua kuacha Kiswahili nyumbani na kuzungumza na mtoto Kiingereza cha kubahatisha. Mada hii inatetea njia nyingine, yaani kwamba mtoto wa umri wa kati ya miaka 3 na 8 anaweza kujengewa msamiati wa Kiingereza kwa michezo ambayo tayari anaicheza uani na sebuleni, mradi Kiswahili kibaki lugha ya maongezi ya familia, na mradi neno la Kiingereza lifanye kazi ndani ya mchezo, kiasi kwamba mchezo hauwezi kuendelea bila neno hilo kueleweka.

Sharti la Kiswahili linahitaji kusisitizwa, kwa kuwa ndilo linalopuuzwa zaidi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 1953 kuhusu matumizi ya lugha za wenyeji katika elimu ilishauri mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mama, na mwaka 1979 Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha mbili, alieleza nadharia ya kutegemeana kwa lugha, ambayo inashikilia kwamba umilisi wa lugha ya pili hujengwa kwa sehemu kubwa juu ya ule ambao mtoto ameshaupata katika lugha ya kwanza. Mtoto anayeelewa barabara tofauti kati ya kuwa nyuma ya mlango na kuwa chini ya meza, anapokutana na "behind" na "under", hupokea majina mapya ya mambo anayoyajua, ilhali mtoto ambaye Kiswahili chake kimedumazwa hulazimika kujifunza dhana na jina lake kwa pamoja, tena kutoka kwa mzazi ambaye naye anayatafuta maneno. Mzazi anayeiacha lugha anayoimudu humnyima mtoto hadithi, maswali na maelezo marefu, na hasara hiyo haiwezi kufidiwa na majina machache ya rangi na wanyama.

Kulijua neno nako kuna ngazi zake. Wataalamu hutenganisha msamiati pokezi, yaani maneno ambayo mtu huyaelewa anapoyasikia, na msamiati tumizi, yaani yale anayoweza kuyatoa mwenyewe anapoyahitaji, na kwa kawaida ule wa kwanza hutangulia na huwa mpana zaidi. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani Susan Carey na Elsa Bartlett walieleza jaribio ambalo watoto wadogo waliombwa kuleta sinia lenye rangi iliyoitwa "chromium", si lile jekundu. Neno lilikuwa geni kwao, lakini kazi yenyewe iliwaonyesha maana yake, na baadhi yao, baada ya kulisikia kwa namna hiyo tu, walibaki na fununu fulani kuhusu neno hilo siku kadhaa baadaye. Uwezo huu wa kunasa neno kwa haraka ndio ambao michezo hufaidika nao, lakini ikumbukwe kwamba fununu si ujuzi kamili: neno lililonaswa leo lisiporudi kesho na keshokutwa hupotea.

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua Nyumba ya Watoto mjini Roma mwaka 1907, alitumia utaratibu wa hatua tatu aliourithi kwa Mfaransa Édouard Séguin, na utaratibu huo unafaa sana kwa mkeka wa nyumbani. Vitu vitatu, tuseme kijiko, kikombe na sufuria, huwekwa mbele ya mtoto. Katika hatua ya kwanza mzazi hukishika kila kimoja na kukitaja kwa utulivu: "spoon", "cup", "pot". Katika hatua ya pili mtoto haulizwi jina, bali hupewa maagizo: alete kijiko, akifiche kikombe mgongoni, akitie kijiko ndani ya sufuria, ampelekee bibi kikombe. Ni katika hatua ya tatu tu ndipo kitu kinaposhikwa na swali la jina kuulizwa. Wazazi wengi hurukia hatua ya tatu, wakamsimamisha mtoto mbele ya wageni na kumtaka ataje, naye akanyamaza, wakadhani hajui; kumbe msamiati pokezi wake umeshapanuka na kilichokosekana ni muda wa hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye mchezo hasa na ambayo inastahili kurefushwa mpaka mtoto mwenyewe aanze kuyatamka maneno bila kuombwa. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher alijenga mbinu nzima juu ya jambo hili katika miaka ya 1960, akiwafundisha watu lugha ngeni kwa kuwataka waitikie amri kwa miili yao kabla ya kudaiwa kusema chochote.

Michezo ya asili inazo nafasi nyingi za kazi hiyo. Katika kombolela, aliyewatafuta wenzake na kumwona mmoja wao anaweza kutakiwa ataje kwa Kiingereza mahali alipojificha, na hapo maneno ya mahali huwa na thamani kwa sababu ushindi unayategemea. Mdako ni hazina kubwa zaidi: mchezaji hurusha kijiwe juu, huchota vijiwe shimoni kabla hakijashuka, hukidaka, kisha hurusha tena na kuvirudisha vingine huku akibakiza nje kimoja, na katika mzunguko unaofuata hubakiza viwili, halafu vitatu. Idadi hujirudia yenyewe bila mtu kukaririshwa, na pamoja nayo huja jambo linalowasumbua wazungumzaji wa Kiswahili wanaojifunza Kiingereza hata ukubwani, yaani wingi. Kiswahili huonyesha wingi mwanzoni mwa neno, kama katika kijiwe na vijiwe, lakini Kiingereza huuonyesha mwishoni, kwa hiyo sikio la mtoto halijazoea kuusubiri huko. "One stone" na "two stones" zikitajwa kila vijiwe vinapobakizwa, sikio huzoea. Kwa watoto waliokwisha kufikia miaka 6 au 7, vitendawili navyo vinafaa: mwito na kiitikio hubaki "Kitendawili!" na "Tega!", fumbo hutolewa kwa sentensi mbili fupi za Kiingereza kuhusu mnyama au chombo, na aliyeshindwa hutoa mji kama ilivyo desturi.

Matamshi yanahitaji uangalifu wa pekee. Kiswahili kina irabu tano na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hivyo mtoto huongeza irabu mwishoni mwa maneno ya Kiingereza na huzisikia "ship" na "sheep" kama neno moja. Picha mbili, ya meli na ya kondoo, zinaweza kubandikwa kwenye kuta mbili zinazotazamana, mtoto akawa anakimbilia ile iliyotajwa. Mzazi asiyezitofautisha sauti hizo mwenyewe hana sababu ya kuona haya. Kaka au dada aliye sekondari anaweza kuyataja maneno, na mzazi akakimbia pamoja na mtoto. Kutegemea katuni za televisheni peke yake hakutoshi. Katika utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, watoto wachanga wa Marekani wa miezi 9 waliocheza na wazungumzaji wa Kichina cha Mandarini kwa vipindi 12 walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo, lakini wenzao waliopewa maneno hayo hayo kwa video au kwa sauti iliyorekodiwa hawakujifunza. Kipindi kizuri cha watoto huwa na manufaa mzazi anapokaa karibu na kuyaingiza maneno yake katika mchezo baada ya runinga kuzimwa.

Kuhusu kiasi, maneno matano au sita kwa wiki yanatosha kabisa, yakirudiwa katika michezo tofauti. Kuhusu makosa, mtoto anaposema "two stone", mzazi huitikia "Yes, two stones" na kurusha kijiwe, bila kuusimamisha mchezo ili kumkosoa. Mtoto anapochanganya lugha na kusema "Mama, nipe spoon", hajachanganyikiwa, kwa kuwa kuchanganya ni tabia ya kawaida ya watoto wanaokua na lugha mbili. Apewe kijiko na aongezewe sentensi moja fupi ya Kiingereza yenye neno hilo hilo. Kipimo cha mafanikio nacho kisitafutwe katika orodha ya maneno yaliyokaririwa. Mtoto aliyejifunza "behind" katika kombolela, kisha akalitumia mwenyewe asubuhi anapotafuta kandambili zake nyuma ya mlango, amelihamisha neno kutoka mchezo mmoja hadi shughuli nyingine, na neno la namna hiyo linaweza kupisha jipya katika michezo ya wiki inayofuata.