Unga wa muhogo, sombe, na kosa letu
Maneno ya komite ya jiko ku mukutano wa mwezi

Mutusamehe, leo hatuanzi na hesabu ya likelemba. Mweka-hazina atasema kisha. Sisi wa komite ya jiko tumepewa nafasi ya kusema juu ya chakula, na tutaanza na bukari, kwa sababu hapa Lubumbashi muntu akikuambia hajakula tangu asubuhi, hata kama alikula mukate na ndizi, maana yake ni kwamba hajaona bukari.

Munajua tulikotoka. Wengi wetu tulivuka kutoka Pweto mwisho wa mwaka wa 2000, wakati vita ilifika pale. Tukaingia Zambia, tukakaa Kala na Mwange. Safari za kurudi zilianza 2007. Wengine walikimbia tena miaka kumi kisha, wakajikuta Mantapala. Hao wamerudi mara mbili, na tunawapa heshima yao. Mu kambi tulikuwa tunapokea unga wa muhindi, maharagi, mafuta na chumvi. Unga ulikuja umekwisha kusagwa, uko mu gunia. Batoto waliozaliwa kule walikua bila kuona mama yao akilowesha muhogo. Leo wale batoto njo bamama wa nyumba. Si haya, lakini habari yetu inaanzia pale.

Mwaka wa 2024 mvua ilikatika Zambia. Tarehe 29 Februari serikali yao ilitangaza kwamba ule ukame ni musiba wa inchi. Sisi huku tunajua vile mambo inaendaka: muhindi na unga mwingi tunaokula unapitia Kasumbalesa, na kule wakifunga mukono, huku meka inapanda bei kila asubuhi. Bantu wakaanza kuchanganya, nusu muhindi, nusu muhogo. Kuchanganya si kitu kipya. Wazee wetu wa Moero na Luapula walikuwa wanakula hata ya muhogo tupu, na mukiwauliza watawaambia njo ilikuwa tamu kupita. Basi komite ikatoa pesa ya chama, ikanunua gunia mbili za unga wa muhogo kwa muuzaji mumoja aliyekuwa na bei ndogo kupita wenzake. Unga ulikuwa mweupe sana, mzuri kwa macho. Hatukumuuliza kitu. Tukampa mama mumoja wa chama kazi ya kugawa, akapita nyumba kwa nyumba na meka yake.

Ile magaribi, mu nyumba moja ya upande wa Kalubwe, batoto watatu walikula bukari ya ule unga na lengalenga kidogo. Samaki haikuwa. Usiku kichwa kikawauma, wakatapika, na yule mudogo akawa anayumba kama mulevi. Baba yao akawabeba mpaka ku lopitali usiku uleule. Asubuhi walikuwa wamepata nafuu, tunamushukuru Mungu. Lakini mu kartie neno moja lilikuwa limekwisha kutoka: sumu. Na munajua, sumu iko na mwenyewe. Nani alileta unga? Yule mama. Yeye ni mujane, anakaa peke yake, na hatuna haja ya kuwafundisha vile mujane anaangaliwa wakati kitu kibaya kimetokea. Siku mbili hakwenda ku soko. Muntu akatupa jiwe ku mulango wake.

Tunasema hii yote mbele ya wanaotuchangia kwa sababu pesa ilikuwa yao pia: ule unga ulinunuliwa na sisi. Yule mama alibeba tu kile tulichomupa. Tulikwenda komite muzima mu ile nyumba, tukakaa chini, tukasema vile. Baba wa batoto alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Sasa muhogo tu, muhogo wenyewe, unaweza kufanya vile?"

Unaweza. Muhogo muchungu uko na sumu yake mwenyewe ndani, mu mizizi na mu majani, na kazi yote ya kulowesha, kuanika na kutwanga iko kwa ajili ya kuitoa. Sumu hiyo ni ya namna ya sianidi. Muhogo uliomenywa na kukaa mu maji siku tatu ao ine, mpaka unalainika na kuanza kunuka, unapoteza karibu yote. Lakini wakati wa njaa muuzaji anaharakisha. Analowesha siku moja, ao halowesh­i kabisa, anaanika tu juani na kupeleka ku mashini. Unga unatoka mweupe, hata mweupe zaidi. Macho hayawezi kutofautisha. Njo maana tunawaomba: usinunue unga wa muhogo kwa uzuri wake. Muulize muuzaji alilowesha siku ngapi, na kama anakasirika, nenda kwa mwengine. Nzuri kupita ni kununua muhogo mukavu wa vipande vilivyoloweshwa, vile vyenye kuvunjika mu mukono na kuwa na ile harufu ya uchachu, kisha kusagisha mwenyewe.

Kuna jambo kubwa zaidi ya kutapika. Kule Kwango, upande wa Kahemba, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Munganga Trolli aliandika juu yake mwaka wa 1938, lakini jina ni la wenyeji, la Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Muntu anayekula muhogo usioiva vizuri mu maji, siku kwa siku, wiki kwa wiki, bila samaki wala nyama, anaweza kuamka asubuhi moja miguu imekuwa ngumu, na haitarudi tena kama zamani. Unapiga zaidi batoto na bamama wenye umri wa kuzaa. Hatusemi konzo imefika mu nyumba zetu. Tunasema kwamba njia inayofika kule inaanza na unga kama ule wetu wa gunia mbili.

Sasa, kama unga uko tayari mu nyumba na hujui ulitengenezwa namna gani, usiutupe. Kuna kazi ndogo ambayo imefundishwa kule Kwango na imesaidia. Mimina unga mu beseni, usawazishe, upige alama pale unapofikia. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Kwanza unga utashuka. Endelea mpaka upande tena na kufika ku ile alama. Basi uache maji. Tandaza ule unga wa mbichi juu ya mukeka ao juu ya plastiki safi, mwembamba, usipite unene wa kidole kidogo cha mutoto. Juani uache saa mbili, ku kivuli saa tano. Sumu inatoka na kwenda na upepo. Kisha pika bukari siku ileile, usiuweke mpaka kesho, utaharibika. Yule muuguzi aliyetuonyesha hii alicheka wakati tulimuuliza dawa gani ya kuongeza. Dawa ni maji, jua na saa.

Na kitu cha kula pamoja. Mwili unahitaji protini kwa kupambana na ile sumu, hasa ya samaki, nyama na mayai. Hatutawaambia mununue nyama, tunajua mifuko yetu. Lakini kapenta, hata kiganja kimoja, ikitwangwa na kutiwa mu mboga, inatosha kwa batoto wawili, na mifupa yake wanaikula pia. Kitoyo vilevile, kiloweshe kwanza, chumvi ipungue.

Juu ya sombe tuko na maneno mengi, kwa sababu kila mama hapa anaamini yake njo ya kweli. Sisi tunapika hivi. Chukua majani machanga, toa vijiti, osha mara tatu. Tunasema tatu na hatuchezi: vumbi ya barabara na ya migodi inakaa juu ya majani, na mwaka wa 2009 watafiti wa Université de Lubumbashi na wa Ubelgiji walionyesha kwamba bantu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wako na madini mengi mu mwili. Kuosha hakutoi yote, lakini kunatoa vumbi. Twanga mu kinu mpaka majani yanakuwa laini kabisa, pamoja na kitunguu na pilipili mboga. Kinu si desturi tu: jani likipondwa, sumu yake inapata njia ya kutoka. Kwa hiyo sombe ya majani yaliyokatwa tu kwa kisu, iliyopikwa haraka, hatuipendi. Tia mu maji yanayochemka, na musufunike sufuria kwanza. Acha mvuke uende. Saa nzima, ao zaidi. Maji yakipungua, tia karanga za kutwanga, koroga, upunguze moto mpaka mafuta yanaonekana juu. Kapenta inaingia pamoja na karanga. Chumvi mwisho, chumvi yenye iode, kwa sababu muhogo mwingi unaharibu kazi ya iode mu mwili na shingo inaweza kuvimba.

Kuna wanaotia bikarbonati kwa kuharakisha. Tunajua, makala iko bei kali. Lakini bikarbonati inaua vitamini. Ukitaka kuokoa makala, lowesha maharagi usiku kucha, na ile siku ya sombe pikeni pamoja nyumba mbili, mbabula moja. Na mbabula ikae inje, hata Juni na Julai wakati baridi inatupiga. Kulala na mbabula yenye moto mu chumba kilichofungwa kunaua bila kelele.

Wenye kupika na mawese, tafadhali muache kuyaunguza mpaka yanakuwa meupe. Ile rangi nyekundu njo yenyewe inayosaidia macho ya batoto. Yatie mabichi ku mwisho, na mutaona harufu haisumbui kama munavyosema.

Sasa neno kwa wanaotuchangia. Mara mingi munatuuliza: tuwatumie gunia ngapi za unga? Tunawashukuru, na wakati wa njaa kubwa gunia ni gunia. Lakini kisha ya ile habari tulikaa na kuona kwamba gunia linakwisha mu siku chache, na tena tunarudi kwa muuzaji tusiyemujua. Tunaomba pipa ine zenye kifuniko za kulowesha, plastiki za kuanika, na kinu mbili za muti mugumu. Muhogo tutanunua wenyewe, ukiwa mubichi, kwa walimaji, na pesa ya likelemba. Wengine kati yetu walikataa wazo hili. Walisema kazi ya kulowesha itabaki ku mugongo ya bamama walewale, na hawakukosea. Kwa hiyo tumepanga zamu, na bababa wako mu zamu. Majina yameandikwa ku mulango.

Yule mama wa kugawa alisomewa maneno haya kabla ya leo, akasema tuyaseme. Baba wa batoto alikwenda kumusalimia, akapeleka sabuni na sukari. Wanaongea. Yeye lakini hataki tena kazi ya kugawa, na sisi hatumulazimishi. Kama kuna muntu anayejua nani alitupa lile jiwe, asituambie sisi. Amwambie aliyelitupa akatengeneze mulango.

Jumamosi, saa mbili ya asubuhi, tutalowesha na kutandaza unga hapa mu parseli, kila muntu aone kwa macho yake. Kuja na beseni moja na mukeka. Kama muko na unga wa muhogo mu nyumba ambao hamuujui, musiupike mbele ya siku ile, muulete. Munkoyo itakuwa.