Pembe za nchi isiyo na tembo

Kila tarehe 3 Machi dunia huadhimisha siku ya wanyama na mimea ya porini. Ni tarehe hiyohiyo, mwaka 1973, ulipotiwa sahihi mjini Washington mkataba wa CITES, ule unaoamua mnyama gani au mti gani auzwe nje ya nchi, na kwa kibali gani. Basi mvuvi mmoja wa Kazimia, huku kwetu Fizi, akatupigia simu redioni: "Karatasi iliyosainiwa Marekani inanihusu nini mimi?"

Baba wa Kazimia, inakuhusu sana, na ushahidi uko ng'ambo ya ziwa letu hili la Tanganyika. Habari za Tippu Tip na Rumaliza, wafanyabiashara wa karne ya 19, mnazijua: pembe za tembo zilivuka hadi Ujiji, zikapita Tabora, zikafika Bagamoyo. Leo nataka kisa cha miaka ya 1980, ambacho wazee wengi wanaonisikiliza walikuwepo kikitokea.

Burundi. Miaka ile Burundi haikuwa na tembo. Sikilizeni vizuri: inasemekana porini alikuwa amebaki mmoja tu! Na bado Bujumbura ilikuwa soko kubwa la pembe barani Afrika. Zilitoka wapi? Zilitoka Tanzania, zilitoka Zambia, zilitoka hapa kwetu, Zaire ya wakati ule. Zikishafika Bujumbura zinapewa hati kuwa ni mali ya Burundi, kisha zinasafirishwa zikiwa na karatasi safi kabisa, na masoko ya Hong Kong na Japani yanapokea.

Kwa nini Burundi? Zaire iliingia katika mkataba mwaka 1976, Tanzania mwaka 1979. Burundi ilikuwa bado nje. Zizi lilijengwa pande tatu, wa nne ukaachwa wazi.

Sasa njooni mwaka 1986, hapa ndipo moyo wangu huchemka. CITES ilitaka kuanza hesabu upya, ikatangaza: mwenye akiba ya pembe aiandikishe. Kila pembe iwekewe alama isiyofutika: herufi mbili za nchi, namba yake, mwaka, na uzito wake kwa kilo. Ikishawekwa alama, inauzika kihalali. Singapore iliandikisha zaidi ya tani 250. Burundi, nchi isiyo na tembo, iliandikisha karibu tani 89.

Tani 89! Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme kila pembe ilikuwa na kilo 10, na hapo tumewapendelea wafanyabiashara, maana pembe za miaka ile zilikuwa zimeshakuwa ndogo. Hizo ni pembe 8,900, yaani tembo wasiopungua 4,000. Mali iliyopatikana kwa ujangili ikalala haramu, ikaamka halali, na thamani yake ikapanda. Waliofaidika ni wachache wenye maghala. Afrika ilikuwa na tembo wapatao milioni 1.3 mwaka 1979. Miaka kumi baadaye walibaki kama 600,000.

Ngojeni, fundi mitambo ananiletea ujumbe. Mama mmoja wa Mboko anauliza: "Unawasema Warundi, na kasuku wetu je?" Mama, umenena, na sitakwepa. Mwaka 2016, huko Johannesburg, nchi za mkataba zilimpandisha kasuku wa kijivu kwenye orodha ya juu, ambako biashara ya kimataifa ya viumbe waliokamatwa porini imekatazwa. Kongo yetu ikaweka pingamizi rasmi. Kwa hiyo, tusinawe mikono.

Nirudi kwa Burundi. Septemba 1987 Meja Buyoya alimpindua Rais Bagaza, na mwaka 1988 nchi ikajiunga na CITES. Julai 1989 Rais Moi wa Kenya akachoma tani 12 za pembe pale Nairobi. Oktoba mwaka huohuo, mjini Lausanne, pendekezo lililobebwa na Tanzania likapita: biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika ikapigwa marufuku.

Sasa jibu lako, baba wa Kazimia. Tani 89 hazikuandikishwa gizani. Zilipimwa, zikaandikwa namba, zikapigwa mhuri mchana, ofisini. Ndiyo maana nasema mkataba unakuhusu: ukivunjwa, wa kwanza kukamatwa ni mwenye gunia ufukweni, naye aliyetoa hati hata jina lake halisikiki. Sheria inayopekua mtumbwi bila kupekua daftari la mtoa kibali hailindi tembo, hailindi kasuku, wala haimlindi mvuvi. Tudai vyote viwili vipekuliwe, hapa kwetu na ng'ambo.

Wiki ijayo nataka sauti zenu. Wewe uliyefanya kazi bandarini Uvira, Baraka au Kalemie miaka ya 1980, ukaona mizigo ile ikipakiwa, tupigie. Historia hii ni yako pia.