Jino la Mtoto Huanzia Tumboni mwa Mama



Naanza na jino lenyewe. Jino la maziwa likishang'oka, ukilikata ukapata kipande chembamba cha kupitisha mwanga, kisha ukakitazama kwa hadubini, utaona mstari mmoja uliokolea. Hapo ndipo mtoto alipozaliwa. Enameli ya upande wa ndani ilijengwa mama akiwa mjamzito. Ya upande wa nje, mtoto akinyonya. Vichipukizi vya meno hutokea kwenye wiki ya 6 hivi ya mimba, na karibu na wiki ya 14 madini huanza kushika. Enameli ikitoka dhaifu, imetoka hivyo. Mwili hauijengi tena, na jino la namna hiyo huoza upesi.

Kalsiamu ya dagaa na maziwa, inayojenga jino hilo, haifyonzwi sawasawa bila vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua. Mama mweusi aliyejistiri, anayeshinda ndani msimu wa baridi wa hapa Sydney, aombe apimwe kiwango chake cha vitamini hiyo. Nawasihi sana katika hili.

Jiji hili lina historia yake ya kuwasikiliza kina mama. Mwaka 1941 daktari wa macho Norman Gregg alikuwa akiletewa vichanga wengi wenye mtoto wa jicho. Inasimuliwa kwamba aliwasikia kina mama wakiongea chumba cha kusubiri: waliugua rubela mimba ikiwa changa. Akawasikiliza, akafuatilia, akaandika kwamba ugonjwa huo ndio uliowadhuru watoto tumboni. Kabla yake, madaktari wengi walidhani aliyemo tumboni amekingwa.

Kwetu Afrika Mashariki tumekua tukisikia kwamba kila mtoto humnyang'anya mama jino. Hapana. Mtoto hachukui kalsiamu kwenye meno ya mama. Kinachoyaharibu ni tindikali ya kutapika asubuhi, vitu vitamu vya kutuliza kichefuchefu, na fizi zinazovimba kwa sababu ya homoni. Ukitapika, sukutua kwa maji yenye magadi ya kuokea kidogo. Mswaki usubiri kama saa moja. Na mama mwenye meno yaliyooza, akionja uji kwa kijiko kile kile anachomlishia mwanawe, humpa na vijidudu vyake.

Ipo pia imani inayoniuma: ya "meno ya plastiki". Mtoto anaharisha, ufizi umevimba kwenye chonge, anapelekwa kuchokolewa kichipukizi kinachodhaniwa ndicho chanzo. Anabaki na kidonda, pengine na jino la ukubwani lililoharibika. Kuhara kunatibiwa kwa maji yenye chumvichumvi na kwa kwenda hospitali.

Dawa ya mengi haya imejaribiwa magharibi ya Sydney. Wakunga walifundishwa kukagua vinywa vya wajawazito na kuwaelekeza kwa daktari wa meno aliyetengwa kwa ajili yao. Katika utafiti uliochapishwa 2018, waliopata vyote viwili, zaidi ya 8 kati ya 10 walitibiwa. Walioachwa na utaratibu wa kawaida, kama 2 tu kati ya 10. Mkunga peke yake aliongeza kidogo. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Australia, kwa kawaida hailipii meno ya mtu mzima, na mama anayehesabu senti za kodi ya nyumba hawezi kwenda kwa kuambiwa tu.

Kliniki za nyumbani Dar es Salaam na Mombasa humpima mjamzito uzito, presha, damu na mkojo. Naomba mkunga aongeze maneno mawili: "Fungua mdomo." Na chumba cha meno kiwe mlango wa pili, siku ile ile.