Mgeni Asiye na Hati Naye ni Mtu

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Bariadi.)



Nimeombwa nizungumzie watu ambao tumezoea kuwaita "wahamiaji haramu". Naomba nianze kwa kulikataa jina hilo. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inamtaka mgeni awe na kibali, na asiyekuwa nacho ametenda kosa. Lakini kilicho haramu ni kitendo. Anayekwepa kodi naye amevunja sheria, wala sijasikia akiitwa mwananchi haramu.

Pengine mtauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi wa Simiyu, mkoa usiopakana na nchi yoyote ya nje? Linatuhusu sana. Msukuma anajua maana ya kuhama. Wafugaji wa huku wamefuata malisho hadi Usangu, Rukwa na Kilombero, na huko, ndani ya nchi yao wenyewe, wameitwa wavamizi. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na wengi walipoteza ng'ombe njiani. Sina haja ya kuwaeleza watu wa Bariadi uchungu wa jambo hilo.

Mapema mwaka 2017 Watanzania wengi walifukuzwa Msumbiji, hasa kutoka machimbo ya rubi ya Montepuez, katika jimbo la Cabo Delgado. Walirejea Mtwara wakieleza jinsi walivyopigwa na kunyang'anywa mali. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Hatukuuliza kwanza ni nani kati yao alikuwa na kibali. Mbona basi swali hilo huwa la kwanza, na pengine la pekee, mgeni anapokuwa kwetu?

Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita. Walikuwamo majambazi, sikatai, na dola ina wajibu wa kuwasaka. Lakini walikamatwa pia watu walioishi nchini miongo mingi, wenye wake na watoto Watanzania. Hiyo haikuwa sura yetu ya zamani. Mwaka 1980 Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000, na mwaka 1983 yeye mwenyewe akatunukiwa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000, waliokimbia mauaji ya 1972 na watoto wao, walipewa uraia. Wale walikuwa wakimbizi wanaotambulika. Hali ya asiye na hati ni nyingine, nami sidai kila mvuka mpaka apewe uraia. Nadai atendewe kama mtu.

Na mpaka wenyewe tuutazame vizuri. Mstari unaomtenga Mkurya wa Tarime na ndugu yake wa Kehancha ulikubaliwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, ambao hawakumwuliza Mkurya hata mmoja. Tumeurithi, na tunauheshimu kwa ajili ya amani. Kuuabudu ni jambo jingine.

Ibara ya 12 ya Katiba yetu, inapotaja heshima ya utu, haisemi raia. Inasema kila mtu. Mtendaji wa kijiji anayemshuku mgeni ana Idara ya Uhamiaji ya kuiarifu, na mahakama ipo ya kuamua. Hana ruhusa ya kumchapa viboko, kuchukua "chai" yake, wala kuamua uraia wa mtu kwa umbo la pua. Na tajiri anayemtumia mgeni msimu mzima kuchuma pamba, kisha siku ya malipo akamtisha kwamba atamripoti, huyo ni mnyonyaji. Ujira wa jasho hauhitaji pasi ya kusafiria.

Kwenu walimu nina neno moja. Mtoto akiletwa shuleni na mama ambaye Kiswahili chake kina lafudhi ya ng'ambo, kazi yenu ni kuandika jina lake katika daftari la mahudhurio na kumwonyesha mahali pa kukaa. Hati za mama yake zina ofisi yake, na ofisi hiyo haiko darasani.