Leseni ya Rubani Binafsi Nje ya Nchi Yake
Hotuba kwa wananchi wa Maguu, Wilaya ya Mbinga



Kutoka vilima hivi vya kahawa hadi Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ni safari fupi kwa ndege ndogo. Lakini mpaka ni mpaka. Je, mgeni wenu aliyepata leseni ya rubani binafsi nchini Kenya aweza kuruka hapa?

Tazameni kwanza alama zilizoandikwa ubavuni mwa ndege. Kifungu cha 32 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 chataka rubani wa safari ya kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au kuidhinishwa, na nchi iliyosajili ndege hiyo. Alama 5Y ni ya Kenya, 7Q ya Malawi, 5H ya kwetu. Mgeni huyo, akiwa na vibali vya safari, aweza kutua Songea na ndege ya 5Y. Akitaka kurusha ya 5H, hana budi kuidhinishwa kwanza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Sasa nauli. Leseni binafsi, ya nchi yoyote ile, hairuhusu kubeba abiria kwa malipo. Kwa kawaida hupatikana kwa saa 40 za kuruka. Ya biashara hudai 200. Mwenye mgonjwa mahututi hushawishika upesi, nami simlaumu. Ila ajali ikitokea, bima yaweza kukataa kumlipa fidia. Kabla ya kutoa fedha, ombeni kuonyeshwa cheti cha kampuni cha kuendesha usafiri wa anga. Kisipoonekana, ulizeni Mamlaka.