Safari Fupi, Posta Hata Kariakoo

Leo twapenda kuwaeleza safari ya miguu mjini Dar es Salaam, kutoka Posta hata Kariakoo.

Hapo Posta pana sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa vita vya 1914–1918. Umbo lake ni la askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi tu. Nao ndio waliochukua vyakula na risasi za majeshi, na wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa.

Basi tukiisha kupita Mnazi Mmoja, twafika Kariakoo. Jina hili limetokana na neno la Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi yao pale. Masika njia huwa na matope. Desemba maembe hujaa tele. Lakini majira yote twawaona wachukuzi wenye magunia, wakipaza sauti wapishwe.

Enyi wazee na waalimu, kama katika ukoo wenu husimuliwa habari za babu aliyekwenda vitani na mzigo, asirudi, andikeni jina lake sasa. Maana msimulizi akifa, jina nalo hupotea.